Mwaka Bila Sare

Ule mtihani umefutwa. Nakuanzia hapo kwa sababu najua kwamba huko uliko, mwaka 1997, ukiwa mimi wa miaka 15, hakuna kitu unachokizungusha kichwani kama namba uliyopewa mwezi wa Desemba. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya kwanza mwaka 1985, ikachukua nafasi ya CPE, na ikafanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Wewe uliifanya 1996, siku za karatasi saba na alama 700. Kufikia 2001 masomo ya kutahiniwa yalikuwa yamepunguzwa hadi matano na jumla ikawa 500, na hapo alama yako ikaanza kupoteza maana: mtoto aliyekuja nyuma yako akiisikia hawezi kujua kama uling'ara au ulijikokota tu. Sasa shule zimehamia lugha nyingine kabisa, ya gredi na umilisi. Namba uliyodhani itachongwa kwenye kaburi lako haijaulizwa na mtu yeyote kwa miaka mingi.

Ulifaulu. Nalisema wazi kwa sababu mwaka huu umeanza kulitilia shaka. Ulifaulu, ukaitwa shule ya bweni ya wasichana, na hukwenda kwa sababu karo haikupatikana. Hizo ni habari mbili. Wewe umezifunga fundo moja, ukalivaa, na kila anayekutazama unadhani analiona.

Nakuona pale soko la Nanyuki, nyuma ya magunia ya viazi vya Mama. Sweta la shule ya msingi ndilo sweta lako la pekee, kwa hiyo umeligeuza ndani nje ili beji isionekane. Ni saa moja asubuhi na baridi ya mlimani bado haijaondoka vidoleni. Wiki ile ya kuripoti kidato cha kwanza, matatu za Nyeri, Karatina, Nyahururu na Meru zilitoka steji zimebeba masanduku ya bati juu, kila sanduku limeandikwa jina kwa rangi nyeupe, na magodoro yamekunjwa na kufungwa kamba. Wiki hiyo ulijifunza kuinama. Akipita mtu mliyekaa naye dawati moja, unainama uonekane unachagua viazi vilivyooza. Akipita mzazi wake, unainama pia. Kufikia Pasaka ulikuwa unainamia watu ambao hata hawakujui.

Kuna jambo moja ambalo sitakuambia, ingawa utaambiwa na wengine maisha yako yote. Sitakuambia kwamba mwaka huu ulikuwa na faida. Kila siku ya zawadi shuleni mgeni rasmi husimama akaeleza alivyotembea bila viatu na kusoma kwa koroboi, na watoto hupiga makofi, na mtu akisikiliza vizuri anaanza kuamini kwamba koroboi ndiyo iliyofaulu mtihani. Koroboi huwasha macho na kujaza kifua moshi. Aliyefaulu ni mtoto, na nyuma yake kulikuwa na mtu aliyepata shilingi za mafuta ya taa. Mimi siwezi kuushukuru umaskini kwa kazi ambayo haukuifanya. Ni dhuluma kwa mtoto kunyimwa kitu, halafu miaka ikipita kumtaka aseme asante kwa kunyimwa.

Ni kweli kwamba kuna kitu unakipata hapo sokoni. Mmeru wa Timau huleta karoti, Mkikuyu wa Kieni huleta kabeji, Mmaasai wa Dol Dol ameuza mbuzi na sasa anatafuta unga na sukari, Msomali ana duka la vitambaa, na Mborana ameteremka kwenye lori la Isiolo akiulizia bei ya gunia zima. Wote hao hawana lugha nyingine inayowakusanya ila Kiswahili. Kile ulichokifanyia mtihani kilikuwa cha ngeli na methali za kukamilisha. Hiki ni cha kumshusha mtu bei bila kumvunjia heshima, cha kumkumbusha mteja deni bila kumpoteza, cha kujua nani aitwe mzee na nani akiitwa mzee atanuna. Utakuja kula kwa lugha hiyo. Ndiyo ninayokuandikia sasa. Lakini ungeweza kuisomea hapo hapo kila Jumamosi na kila likizo, na Jumatatu ukawa darasani. Mtoto hahitaji kufungiwa shule ili alijue soko. Basi ukikumbuka ulichojifunza, mshukuru Mama, shukuru masikio yako, mshukuru yule bibi wa karoti nitakayemfikia baadaye. Usiushukuru mwaka.

Neno jingine linalokuchosha ni bidii. Mhubiri analisema, shangazi analisema, jirani anayepita kununua kilo mbili analisema akiwa ameshika chenji. Tia bidii, utafika. Nawe unarudi nyumbani ukijiuliza bidii ipi nyingine, kwa sababu ile uliyokuwa nayo uliimaliza yote darasa la nane.

Karo ina historia, na ni haki yako kuijua. Mwaka 1988 tume iliyoongozwa na James Kamunge ilipendekeza wazazi wachangie zaidi gharama za elimu, na serikali ikaifuata njia hiyo, wakati ambapo Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilikuwa zikizishinikiza nchi za Afrika zipunguze matumizi ya umma. Vitabu, madawati na majengo vikawa juu ya mzazi. Mama yako, anayenunua gunia kwa mkopo na kuliuza kwa debe, akawa sehemu ya mpango uliojadiliwa kwenye vyumba ambavyo hakuwahi kuviona mlango. Januari 2003 elimu ya msingi ikafanywa bila malipo, na watoto zaidi ya milioni moja wakamiminika shuleni ndani ya mwaka mmoja. Walikuwa wapi siku zote? Walikuwa ulipo wewe. Mwaka 2008 serikali ikaanza kulipia masomo ya sekondari ya kutwa, shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na mwaka 2018 kiwango hicho kikapandishwa hadi 22,244. Msichana aliyezaliwa miaka 11 baada yako, mwenye alama kama zako na mama anayeuza viazi kama wako, alikuta nusu ya ukuta uliokuzuia imeshabomolewa. Hakukuzidi akili. Watu wazima waliamua jambo moja mwaka 1988 na wakaamua jingine baadaye, na wewe ukaangukia katikati.

Ukilielewa hilo ukiwa na miaka 15, mgongo wako utanyooka. Ndiyo maana nakuchosha na tarehe.

Sasa nikupeleke Ihithe. Ukipanda matatu hadi Nyeri, mwendo wa saa moja hivi, halafu ukaelekea upande wa Aberdare, utafika kijiji alikozaliwa Wangari Maathai mwaka 1940. Jina lake unalijua kutoka kwenye magazeti mnayofungia bidhaa. Mwishoni mwa mwaka huu wako atagombea urais na kushindwa, na watu wengi pale sokoni watamcheka. Katika kumbukumbu za maisha yake, alizozichapisha mwaka 2006, anasimulia kwamba alikuwa na umri wa miaka minane hivi na bado hajaanza shule. Hakuna aliyekuwa amepanga aanze. Hakukatazwa na mtu. Haikumjia mtu akilini. Kisha siku moja kaka yake Nderitu, ambaye alikuwa akisoma, akamuuliza mama yao mbona Wangari haendi shuleni kama wao wengine. Mama akalifikiria swali, akaona kwamba hakuna sababu ya kumzuia, na Wangari akaenda.

Nimeusoma ukurasa ule mara nyingi, na kila mara nasimama kwa Nderitu. Tunayajua yaliyofuata: shule ya misheni ya Mathari, Loreto ya Limuru, safari ya Marekani mwaka 1960 pamoja na mamia ya vijana wa Kenya waliopelekwa kusoma huko, shahada ya uzamifu mwaka 1971, ya kwanza kwa mwanamke wa Afrika ya Mashariki na ya Kati, Green Belt Movement mwaka 1977, marungu ya polisi, na Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Habari ya tuzo ilimfikia akiwa njiani kuelekea huko huko Nyeri, na jambo alilolifanya ni kupanda mti katika uwanja wa hoteli ya Outspan, uso wake ukiuelekea Mlima Kenya. Bidii ya Wangari hakuna anayeweza kuipima. Lakini bidii hiyo yote ingetumika kuchota maji na kulima tu, na dunia isingejua imekosa nini, kama kijana mmoja asingeuliza swali moja jikoni. Nderitu hakuwa na pesa. Hakuwa mzee wa ukoo wala chifu. Alimtazama dada yake, akaona kuna kitu hakiko sawa, na akakisema kwa mtu mwenye uwezo wa kukibadilisha.

Hicho ndicho unachokosa mwaka huu, na sikufichi: mamia ya watu wamepita mbele ya magunia yenu tangu Januari. Walimu wamenunua viazi hapo. Waumini wa kanisa lenu wamenunua. Wote wameona mtoto wa umri wa shule siku ya Jumanne saa nne asubuhi, na wote wameuliza bei. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamezoea. Na ukizoea kumwona mtoto mahali asipostahili kuwa, baada ya muda unamwona kama sehemu ya meza.

Nisimame kidogo, kwa sababu kuna mmoja aliyeuliza, na huyo nataka umjue vizuri. Ni yule mwanamume mwenye gari aliyekuuliza mbona huendi shule, siku Mama alipokuwa amekwenda kutafuta viazi Naro Moru. Alikununulia soda. Alisema msichana mzuri hivyo hafai kukaa sokoni, na kwamba mambo ya karo huzungumzika. Ulirudi nyumbani umechanganyikiwa, nusu ukiogopa na nusu ukijisikia kwamba hatimaye kuna mtu aliyekuona. Swali lilikuwa lile lile la Nderitu, ila kinywani mwake lilikuwa chambo. Nakupa njia ya kuwatofautisha, na nimeipima kwa miaka mingi: anayetaka usome atamuuliza mama yako, mbele ya watu, mchana. Anayetaka kitu kingine atakuuliza wewe, ukiwa peke yako. Mwambie Mama habari za soda. Hatakugombeza. Na hata akikugombeza kwa hofu yake, bado mwambie.

Huu ni mji wa wanajeshi, wa kwetu na wa Uingereza wanaokuja kwa mazoezi, na wa watalii, na wa madereva wa malori ya kaskazini. Pesa hupita hapa usiku. Mwaka 2012, mama wa umri wa miaka 21 anayeitwa Agnes Wanjiru atauawa mjini humu, aache mtoto mchanga. Mwili wake utapatikana ndani ya tangi la maji taka la hoteli. Itachukua hadi 2019 kwa hakimu kuhitimisha, baada ya uchunguzi wa mahakama, kwamba aliuawa na mwanajeshi au wanajeshi wa Uingereza. Nalitaja jina lake kwako kwa uchungu, kwa sababu hadi leo kuna watu wanaouliza alikuwa anatafuta nini hotelini usiku ule, na wewe utawasikia wakiuliza vivyo hivyo juu ya wasichana wengine unaowajua. Usijiunge nao. Aulizwe aliyeua.

Kuhusu mwili wako nina machache. Chunusi zitaisha. Matiti hayajachelewa. Vipande vya blanketi unavyovifua usiku na kuvianika chini ya nguo nyingine si aibu yako. Mwaka 2017 sheria ya elimu ya msingi itarekebishwa ili msichana wa shule ya umma apewe sodo bure, na ingawa ugawaji wenyewe utasuasua, wabunge watakuwa wamelitamka jambo hilo kwa sauti ndani ya Bunge. Wewe na Mama mnalinong'ona.

Alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika, unautazama mlima. Najua unavyoutazama: kwa chuki kidogo, kwa sababu watu huvuka bahari kuja kuupanda na wewe huna nauli ya kwenda Nyeri. Kuna habari ya hapa hapa Nanyuki ambayo hukufundishwa shuleni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walikuwa na kambi ya mateka wa Kiitaliano mjini humu. Mateka mmoja, Felice Benuzzi, aliutazama mlima huu kupitia seng'enge mpaka akashindwa kuvumilia. Januari 1943 yeye na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Antonelli, walitoroka. Walikuwa wametengeneza vifaa vya kukwelea kwa vyuma walivyovipata kisirisiri, na hawakuwa na ramani ya maana; mojawapo ya picha walizozitegemea ilikuwa ile ya kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Kilele cha Batian, mita 5,199, kiliwashinda. Benuzzi na Balletto wakafika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera yao. Kisha wote watatu wakateremka, wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe, wakaadhibiwa.

Kwa muda mrefu sikuelewa kwa nini walirudi. Nadhani sasa naelewa. Hawakuwa na pa kukimbilia. Vita vilikuwa vimeizunguka dunia. Walichokuwa wakikikimbia ni siku zinazofanana, siku ambazo mwenyewe huna hata moja yako. Mtu anayengojeshwa huumia zaidi ya anayefanya kazi ngumu, kwa sababu wakati wake uko mikononi mwa mwingine. Kwa hiyo wakajitwalia majuma mawili na ushee yakawa yao.

Wewe jitwalie saa moja. Yule mwalimu mstaafu anayenunua viazi kila Ijumaa ana vitabu kwenye sanduku, na vumbi linavila. Mwombe kimoja. Magazeti ya kufungia, yasome kabla hujayapasua. Andika nyuma ya daftari la madeni, ukurasa wa mwisho ukija mbele, mahali Mama hatafika hadi Desemba. Usiandike insha ya mtihani. Andika yule Mborana alivyojadili bei ya gunia bila kutaja bei hata mara moja. Maandishi hayo hayataleta karo, na sitaki uyabebeshe kazi hiyo. Yatakuwa yako.

Mwezi wa Oktoba walimu watagoma nchi nzima, na kwa siku kadhaa mji utajaa wenzako wa sare. Utawaona wakizurura, wamechoka, wamechafuka, hawajui la kufanya na mchana mrefu. Baadhi watakuja kukusalimu. Mmoja atakuambia kwamba analia kila usiku kwa kukosa kwao, na kwamba wa vidato vya juu wanamfulisha nguo zao. Msikilize. Utashangaa jinsi hofu yako ilivyokudanganya juu yao.

Unaogopa kwamba umeshachelewa. Utaingia kidato cha kwanza ukiwa na miaka 16, na unahisi darasa zima litakuhesabu. Wiki ya kwanza watakuhesabu, ndiyo. Kisha kutakuja hesabu ya algebra na kila mtu atashughulika na yake. Mwaka 2004, kule Eldoret, mzee wa miaka 84 anayeitwa Kimani Maruge ataingia darasa la kwanza akiwa na kaptura na soksi ndefu, kwa sababu elimu imekuwa bila malipo naye anataka kujisomea Biblia na kujihesabia pesa zake. Mwaka wa pili atasimama New York kuzungumza juu ya elimu. Simtaji ili ujione mdogo. Namtaja kwa sababu mzee yule naye alikuwa mtoto ambaye hakuna aliyeuliza habari zake, na ikachukua karibu karne moja.

Na Mama. Usiku unamsikia akihesabu sarafu, anasimama, anahesabu tena, na unadhani ukimya wake ni hasira juu yako. Mwezi wa Februari alikwenda kwenye ile shule ya bweni peke yake, bila kukuambia, akiwa na leso yake nzuri ya kanisani, kuuliza kama wangekupokea kwa nusu ya karo na yeye alete viazi kulipia iliyobaki. Walimkatalia langoni. Alinisimulia nikiwa na zaidi ya miaka 30, tukiwa tunamenya njegere, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. Kwa hiyo nakuambia sasa, usingoje miaka 15: aliuliza. Aliuliza mahali ambapo hawakutaka kumsikia, akarudi kwa miguu, na jioni akapika githeri na kukupa sehemu yenye mahindi machache na maharagwe mengi kwa sababu anajua ndivyo unavyopenda.

Mwezi wa Novemba, mvua za El Niño zikiwa zimegeuza soko kuwa matope, bibi wa Timau anayeuza karoti meza ya tatu kutoka yenu atamgeukia Mama na kusema kwa sauti inayofika hadi kwa wauza mitumba: "Kwani huyu hasomi kwa nini?" Mama ataona haya. Wewe utatamani ardhi ikumeze. Yule bibi hatanyamaza. Atawauliza na wengine, mmoja mmoja, na jioni hiyo chama cha wanawake wa upande wenu wa soko kitakaa juu ya magunia na kukubaliana kwamba zamu ya kupokea mchango wa mwezi wa Januari ipewe Mama, ingawa haikuwa zamu yake. Utaanza shule ya kutwa hapa hapa mjini kwa sketi ya mitumba iliyotiwa rangi upya. Haitakuwa shule uliyoitwa. Itakutosha kabisa.

Nimeufikiria Novemba huo kwa muda mrefu kuliko nilivyofikiria mitihani yangu yote. Swali lile halikugharimu kitu, na lingeweza kuulizwa Januari. Si kosa lako kwamba hukuliuliza wewe; mtoto wa miaka 15 hapewi kazi ya kujitetea mbele ya soko zima. Ila kama nguvu ikikujia, hata siku moja, ya kumwambia yule mwalimu wa Ijumaa, "Mwalimu, niko nyumbani kwa sababu ya karo, na ninataka kusoma," basi iseme. Ana vitabu, na pia anawajua watu.

Mimi sasa nina wajibu ambao wewe huna. Kila Januari nikija nyumbani hupita sokoni siku za kazi, katikati ya asubuhi. Januari 2024 ilikuwa zamu ya kundi la mwisho la KCPE kuingia kidato cha kwanza. Kijana mmoja alikuwa akisukuma mkokoteni wa maji, na nilimjua. Mwaka uliotangulia alikuwa darasa la nane. Nikaenda kwa mama yake, anayeuza sukuma wiki na vitunguu, nikamsalimu, nikanunua, kisha nikamuuliza mbele ya majirani zake mbona kijana hajaripoti.

Alinikata jicho. "Kwani wewe ndiwe utamlipia?"

Nilimwambia sitaweza yote. Nilimwambia shule ya kutwa tayari inalipiwa masomo na serikali, kwamba kinachobaki ni sare na chakula cha mchana, kwamba sare naweza kuileta kesho kutwa, na kwamba kuna fomu za basari ya eneo bunge na nyingine za kaunti. Muuza nyanya wa pembeni akadakia kwamba mtoto wa dada yake alipata mwaka juzi. Mwingine akasema zile za kaunti huchelewa, aanze na za eneo bunge. Kijana alikuwa ameegesha mkokoteni na kusogea.

Mama yake akapangusa mikono kwenye aproni. "Hizo fomu," akauliza, "zinapatikana wapi?"

"Kwa chifu," nikamwambia. "Kesho saa mbili. Nitakupitia."